Egemeza Kiti Ukutani

6 Aprili

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko hosteli? Mimi mkeo sijambo, ila masikio ndiyo yameniaga kabisa. Juzi mama yako alipiga simu kwa jirani yangu, Mama Pacha, akaniwekea sikioni, nikasikia kama mtu anakaanga kitu. Nikawa naitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Kumbe alikuwa ananiuliza kama nina homa! Karibu waniletee gari la wagonjwa. Kwa hiyo wewe niandikie. Posta bado wanafanya kazi, hata kama barua zao siku hizi zinatembea kwa magoti.

Mama yako mzima, anafundisha darasa zima kwa simu na sauti imemkauka. Mimi nashona barakoa. Miaka yote kiwandani nilishona sare, uzeeni nashona nguo za pua. Cherehani inakwenda vizuri, mguu wa kuikanyaga ndio unaolalamika.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Kabla barabara hazijafungwa mjomba wako alikuja kunitazama. Akanikuta kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, nimekaa na kikapu changu, napumzika. Napumzika tu! Basi likawa jambo. Akasema mama yake hawezi kuishi ghorofa ya tatu na ugonjwa huu ulivyotapakaa. Akasema ana chumba cha nyuma kwake. Nakijua hicho chumba. Dirisha lake linatazama tangi la maji na hakuna mtu wa kusalimiana naye mpaka jioni. Mimi nikiingia mle, nitatoka nimebebwa.

Tumebishana sana. Mwisho tukakubaliana hivi: barabara zikifunguliwa atakuja. Nikipanda mpaka mlangoni kwangu bila kukaa, ananyamaza na nabaki na ufunguo wangu. Nikikaa, nafunga virago.

Wewe si ndiye unayesomea viungo vya watu? Haya, nifundishe. Nataka miguu.

Mkeo asiyesikia, ila anaona vizuri sana.

---

24 Aprili

Mke wangu mtukufu,

Shikamoo, na samahani kwa shikamoo maana najua kwa mume haitakiwi. Barua yako imefika imekunjwa kama chapati lakini imefika. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba, yule tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, akadhani nimepata mchumba. Nikamwambia ninaye, na ana wajukuu.

Huku chuo kimefungwa, tuliokosa usafiri tumebaki. Vyumba vingi vitupu. Tunasoma kwa simu, tunakula kwa zamu, na mlinzi anatupima joto kipaji cha uso kila tukitoka getini, utadhani mikate. Nimeanza utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Nimewatumia wanafunzi wenzangu dodoso kuhusu mazoezi wakati huu wa ugonjwa: wanajua nini, wanaonaje, na wanafanya nini hasa. Bibi, kwa kujua wote ni madaktari. Kwa kuona, wote wanasema mazoezi ni muhimu mno. Ukifika kwenye kufanya, jamani! Kila mtu ana sababu. Uwanja umefungwa, chumba kidogo, jua kali, mawazo. Mmoja kaandika kwamba anafanya mazoezi ya vidole kwenye simu.

Sasa suala lako. Usiogope, miguu utaipata. Lakini tuwekeane sharti, na nakuapia kwa hili: hakuna zoezi nitakalokutumia kabla sijalifanya mwenyewe humu chumbani.

La kwanza ni hili. Chukua kiti kisicho na magurudumu. Kaa, weka mikono kifuani, simama taratibu, kaa tena taratibu. Ukichoka pumzika. Egemeza kiti ukutani. Hilo la ukuta sikulinakili kitabuni. Mimi nilikiweka katikati ya chumba, nikakaa, kikateleza kwenye vigae nikajikuta chini natazama dari. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kwa hiyo ukutani, tafadhali, mke wangu. Nakuhitaji mzima.

Mumeo mwenye michubuko.

---

15 Mei

Mume wangu wa michubuko,

Pole na makalio. Nimesoma mahali pa kuteleza mara nyingi, kila nikichoka kushona narudia.

Mama yako salama, mjomba wako salama na bado mbishi. Pacha wa jirani wameota meno wakati mmoja, jengo zima halilali isipokuwa mimi. Uziwi nao una faida zake.

Nafanya zoezi lako. Mwanzoni nilinyanyuka kama gunia, nikijisukuma kwa viwiko, nikijidanganya eti sijaona. Sasa nanyanyuka na mikono iko kifuani kama maiti aliyebadili mawazo. Nikiweka maji ya chai jikoni, nafanya mpaka yachemke. Mama Pacha akinichungulia dirishani huwa anadhani naswali. Na jana nilipanda na kikapu, nikafika pale pa aibu, ghorofa ya pili, nikasimama tu. Sikukaa. Nikashika chuma cha ngazi, nikavuta pumzi, nikaendelea. Nimefurahi mpaka nimejionea haya.

Nipe gumu zaidi. Mjomba wako kamtumia Mama Pacha ujumbe kwamba ameshapaka rangi kile chumba. Amepaka rangi, unasikia? Mtu hapaki rangi kama hana hakika.

Wewe mbona hujaniambia unakula nini na unalala vipi?

Mkeo anayenyanyuka.

---

9 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, niwie radhi, masomo yamebana. Mimi salama. Profesa amehama chumba. Mama nimeongea naye, naye salama.

Hongera sana kwa ngazi. Zoezi jipya ni la kigoda. Chukua kigoda kifupi, kiweke mahali penye nafasi pande zote. Panda kwa mguu wa kulia, lete wa kushoto, shuka vilevile. Badili mguu. Hili linafanana na ngazi kabisa, kwa hiyo litakusaidia.

Mimi nafanya kila siku, usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako.

---

2 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo. Sisi wazima. Mwandiko umepinda kwa sababu ya kalamu.

Barakoa nimepumzika kushona kidogo, watu sasa wanazo nyingi. Mjomba wako anasema barabara zinaweza kufunguliwa mwezi wa nane au wa tisa. Anakuja na gari la mizigo. Hasemi tena "nikija nitaona". Anasema "nikija kukuchukua".

Zoezi la kigoda nimelipata. Usinitumie jingine kwa sasa.

Nina swali moja na ulijibu kama mwanamume. Hicho kigoda, ulikipanda?

Bibi yako. Safari hii sikuitwa mke na mimi sikuiti mume.

---

20 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dirishani, nikakaa. Ule si mwandiko wa kalamu mbaya. Ule ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Nimempigia mama, akaanza kuzunguka, "Bibi yako yupo, bibi yako mzima, wewe soma." Mama akisema "wewe soma" najua kuna jambo. Uliumia? Uliangukia wapi? Niambie, nakuomba, nitachanganyikiwa humu ndani.

Nakujibu swali lako. Sikukipanda. Humu chumbani hakuna hata kigoda.

Nilianza kuumwa siku chache baada ya barua yako ya Mei. Profesa alitangulia. Walikuja kumchukua watu waliovaa nguo za plastiki mwili mzima, miwani yake ikabaki mezani, nikawa naifuta kila asubuhi bila kujua naifutia nini. Yeye amepona, yuko kwao. Mimi waliniambia nibaki chumbani kwa kuwa bado kijana. Kijana! Bibi, kifua kilikuwa kama kimekaliwa na mtu mnene. Ugali haukuwa na harufu, sabuni haikuwa na harufu. Na baada ya homa kuisha nguvu hazikurudi. Bomba la maji liko chini, mimi niko ghorofa ya pili. Nikienda kunawa, wakati wa kupanda nakaa kwenye ngazi. Mimi, mwanafunzi wa viungo. Wakipita watu najifanya nafunga kamba za viatu, na navaa ndala.

Sikutaka ujue. Uko peke yako, husikii simu, ungekesha unaniwazia. Na ukweli mwingine ni kwamba niliona haya. Hata dodoso langu nilijijazia mwenyewe, kwenye "unafanya mazoezi mara ngapi" nikajibu "kila siku", nikiwa nimelala chali na shuka mpaka shingoni. Halafu nikafungua kitabu nikanakili zoezi la kigoda kama lilivyo. Kitabu kimeandikiwa ukumbi wa mazoezi, wenye mwalimu aliyesimama pembeni. Ndiyo maana kikasema nafasi pande zote. Ningelijaribu mara moja tu ningejua kwamba mtu wa peke yake anahitaji ukuta.

Umeanguka, sivyo?

Mjukuu wako.

---

8 Agosti

Wewe mtoto,

Hujambo hata kama nimekasirika. Plasta imetolewa mkononi juzi, ndiyo maana sasa unasoma mwandiko wa mtu.

Ndiyo, nilianguka. Nilikiweka kigoda katikati ya sebule kama ulivyoandika, maana wewe ndiye mwalimu. Nilijiuliza, mbona safari hii hakuna ukuta? Nikasema huyu kashalifanya mwenyewe, anajua, aliniapia. Mguu wa kushoto haukufika. Nikatafuta kitu cha kushika pande zote, na pande zote palikuwa na nafasi, kama ulivyotaka. Nikadondokea mkono. Kifundo kikavunjika, nikasikia, na mimi ndiye nisiyesikia kitu. Nilikaa sakafuni mpaka Mama Pacha alipokuja kuchukua barakoa zake.

Kigoda nimekusamehe. Kukosea kupo, mimi nimeshona mikono ya mashati upande mmoja, yote ya kulia, sanduku zima. Kilichonichoma ni "nafanya kila siku, usiwe na wasiwasi". Ulikuwa unaumwa, huna pumzi, humu duniani una bibi mmoja tu aliyebaki, ukamwandikia hivyo! Kama ungekufa ningekuwa naendelea kupanda vigoda kumfurahisha maiti. Nimelia kwa hasira, usidhani ni mahaba.

Haya, nimesema. Sasa na mimi nivue nguo zangu. Kalamu haikuwa mbovu. Na mjomba wako nimemdanganya. Nilimwambia niliteleza bafuni. Ningemwambia ni zoezi lako, unamjua alivyo, angekupigia simu siku hiyohiyo akakutoa roho, na wewe sikujua hali yako ila nilishahisi haiko sawa. Basi kaamini. Mzee kateleza bafuni, nani atashangaa? Ndiyo hilo limenimaliza. Habari ya ngazi haisikiki tena kwake. Anasema mtu anayeanguka bafuni hapimwi, anahamishwa. Mama Pacha anasema mjomba wako ameshanunua na kitanda.

Usimwambie. Nakukataza. Wewe bado unahitaji usingizi na uji, pumzika. Chumba cha nyuma si kaburi, nitazoea.

Miguu yangu ni mizima, kwa taarifa yako. Kiti sikukiacha hata siku ile nilipofungwa plasta. Mikono yenyewe si ilitakiwa ikae kifuani?

Bibi yako.

---

27 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Nakula, nalala, nimeanza kusikia harufu ya kitunguu na nikakaribia kukibusu. Daktari wa chuo amenisikiliza kifua, amesema moyo uko sawa ila nisikimbie, nianze kidogokidogo.

Umenikataza na sijasikia. Uziwi huenda ni wa ukoo. Barua yako ilifika asubuhi, nikampigia mjomba hata sijaikunja. Nikamwambia hakuna bafu. Nikamwambia kigoda, katikati ya sebule, na kwamba mimi ndiye niliyekiweka pale bila kukijaribu. Nikamwambia mama yake hakuanguka kwa uzee, alianguka kwa kunitii. Nikamwomba arudi kwenye makubaliano yenu ya ngazi. Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnanidanganya wawili." Akakata. Nimempigia tena, hapokei.

Pengine nimekuharibia zaidi. Siwezi kujua, na barabara zinafunguliwa wiki ijayo. Lakini nisingeweza kuacha uhamishwe nyumbani kwako kwa kosa langu, halafu mimi nipewe digrii ya mazoezi. Dodoso langu nimelitoa kwenye utafiti, na mwalimu wangu nimemweleza kwa nini. Hakufurahi, ila alishika kichwa akasema hata yeye kiatu chake cha kukimbilia kina utando wa buibui.

Bibi, niandikie chochote kitakachotokea. Hata ukiwa umehamia kwenye tangi la maji, niandikie. Usiniambie kalamu.

Mjukuu wako anayeogopa.

---

19 Septemba

Mume wangu,

Umeona nimekuitaje? Basi pumua.

Salamu kutoka kwa mama yako, alikuja na tumekumbatiana mpaka barakoa zikahamia masikioni. Pacha wanatembea sasa, wanaangusha sufuria. Cherehani imerudi kazini.

Mjomba wako alifika Jumamosi na gari la mizigo, dereva, na kamba mpya. Kamba nilipoziona moyo ulishuka. Nilikuwa chini kwenye lango nampokea. Hakunisalimia vizuri. Alisema, na alisema kwa sauti kwa hiyo nilisikia, "Mama, kwa nini mlinidanganya?" Nikamjibu, "Kwa sababu kila mtu alikuwa anamwonea mwenzake huruma. Na wewe ulishapaka rangi." Kisha akanyoosha kidole kwenye ngazi. "Haya. Makubaliano ni makubaliano. Panda."

Nikaanza. Sikukimbia, sikujitia ujana. Mkono wangu wa kulia bado haushiki sawasawa na chuma cha ngazi kiko kulia, kwa hiyo nilipanda kwa miguu tu. Yeye nyuma yangu, dereva nyuma yake na zile kamba. Ghorofa ya kwanza sawa. Kwenda ya pili magoti yakaanza kunong'ona, nikayaambia ngojeni chai ichemke. Pale pa aibu pakafika. Nakwambia kweli, mume wangu, pumzi ilikuwa imeniishia na ile ngazi ilikuwa inaniita kabisa nikae. Nilisimama. Nikaweka mikono kifuani kama ulivyonifundisha, nikahema, nikajisemea nikikaa hapa nimekaa moja kwa moja. Sikukaa. Nikaendelea, na vidato vya mwisho vile sijui nilivipanda vipi, ila nilikuwa nalia na nilikuwa napanda.

Nikafika. Nikatoa ufunguo, nikafungua mlango wangu. Nikageuka kumwonyesha mjomba wako, simwoni.

Nikachungulia chini. Amekaa! Amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, pale pale pangu, tai ameilegeza, anahema kama mbuzi aliyekimbizwa, dereva anampepea kwa zile kamba. Tangu Aprili kazi anafanyia mezani nyumbani, kumbe mguu wake unajua kutoka kitandani mpaka kwenye kompyuta tu. Sikucheka. Nilitaka, lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa. Nikashuka nikampa maji. Akanywa, akanisogelea sikioni, akasema, "Nilikuwa nakuogopea, Mama. Kila simu ikilia najua ni ile ya kuniambia umekufa huku juu peke yako." Hilo hakuwahi kuniambia. Alikuwa anapaka rangi tu. Tukakaa pale wote wawili, na mimi nilikaa kwa kupenda kwangu, haihesabiki.

Gari la mizigo limerudi tupu. Ufunguo ninao, uko shingoni. Alipoondoka aliniinamia sikioni akaniuliza eti ile barua ya zoezi la kwanza naweza kumnakilia? Nimemnakilia. Naye ataacha kukununia, mpe muda, ana aibu ya kukaa ngazini.

Sasa zamu yako. Bado unakaa kwenye ngazi za hosteli, unafunga kamba za ndala? Basi sikiliza. Usishindane na bomba la maji. Kila ukipanda, ukifika mahali unapotaka kukaa, usikae na usiendelee. Simama tu, weka mgongo ukutani, weka mikono kifuani, uhesabu majina ya watu wanaokupenda taratibu mpaka pumzi irudi. Anza na langu. Kisha panda kidato kimoja zaidi ya jana, basi, urudi ulale.

Halimo kwenye kitabu chochote. Nimelifanya mwenyewe kabla ya kukutumia.

Mkeo wa ghorofa ya tatu.